Mini ya zamani: rimu za inchi 10, 12 au 13? Tulinganishe vipimo na matairi

SpanaKumi (mwanzisha mada)

Wakuu, naomba tulinganishe kwa namba, tuache "inapendeza" kwa leo. Gari ni Mini ya 1972, injini ya cc 998, breki za mbele bado ni za ngoma. Rimu zilizopo ni za chuma, 3.5 x 10 (upana kwa kipenyo, inchi), zina tairi 145R10. Matairi yamepasukapasuka ubavuni kwa uzee na rimu mbili zimeliwa na kutu kwenye kingo, kwa hiyo matairi yote na rimu hizo mbili vinatoka. Yaliyo mezani:

1) 145/80R10 (upana milimita 145, ubavu asilimia 80 ya upana, rimu ya inchi 10), rimu ya 3.5 ibaki
2) 165/70R10 kwenye aloi ya 5 x 10
3) 145/70R12 au 165/60R12 kwenye rimu ya 4.5 au 5 x 12
4) 175/50R13 kwenye rimu ya 6 x 13

Matumizi ni lami, safari ndefu zipo, mashindano hakuna. Kipi kinaingia bila kukata bodi, na kipi kinaleta tatizo jingine?

---

Kalipa

Anza na rimu, tairi litafuata. Wengi wanakosea hapo mwanzo kabisa, kwenye kupima.

Kipenyo cha rimu hupimwa pale tairi linapokalia, ndani ya kingo. Rimu ya "kumi" ina milimita 254 pale chini. Ukitandaza tepu kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje utapata kati ya 282 na 289, kwa sababu ukingo unapanda milimita 14 hadi 17 na nusu kila upande kutegemea umbo lake (herufi B au J iliyogongwa kwenye rimu). Ndiyo maana kuna watu wanauza "rimu za inchi 11". Hazipo. Upana nao ni vilevile: pima kati ya kuta za ndani za kingo. Ukipima nje kwa nje unaongeza karibu inchi nzima.

Mduara wa stadi (boliti zinazoshika gurudumu) wa Mini ni 4 x 101.6, yaani inchi 4 kamili. Kwa stadi nne ni rahisi: pima kutoka katikati ya stadi moja hadi katikati ya ile inayotazamana nayo. Hapa ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote. Rimu za 4 x 100 zimejaa kila mahali, na zinaingia. Zinaingia kwa sababu matundu yana nafasi kidogo. Lakini kila stadi iko nje ya mahali pake kwa milimita 0.8, kwa hiyo koni ya nati haikai sawasawa, inaegemea upande mmoja. Ukikaza, unapinda stadi. Ukiendesha, nati zinalegea zenyewe na usukani unatetemeka, halafu fundi anahangaika na balansi wiki nzima bila kujua ugonjwa uko wapi.

Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaogusa habu (kitovu cha gurudumu). Kama haikugongwa kwenye rimu, ipime hivi:
- Laza rimu kifudifudi, mgongo wake ukiangalia juu, bila tairi.
- Weka rula ndefu iliyonyooka juu ya ukingo wa nyuma.
- Pima kutoka chini ya rula hadi uso wa kugusa habu. Hicho ni kina cha nyuma.
- Pima upana wote nje kwa nje, ugawe kwa mbili, utoe kwenye kina cha nyuma.

Mfano: rimu ya inchi 5 ina upana wa nje kama milimita 152. Nusu ni 76. Kina cha nyuma kikiwa 84, ofseti ni +8. Kikiwa 70, ofseti ni −6, na gurudumu linatoka nje zaidi kwa milimita 14 kuliko lile la kwanza, ijapokuwa rimu zote mbili zimeandikwa "5 x 10".

---

Mshale60

Naleta namba za tairi. Hesabu: upana mara asilimia ya urefu wa ubavu, mara mbili, jumlisha kipenyo cha rimu.

145/80R10: kipenyo 486, ubavu 116
165/70R10: kipenyo 485, ubavu 115.5
145/70R12: kipenyo 508, ubavu 101.5
165/60R12: kipenyo 503, ubavu 99
175/50R13: kipenyo 505, ubavu 87.5

(Zote milimita.)

Angalizo kwa tairi la zamani lililoandikwa 145R10 tupu, bila asilimia. Hilo huhesabiwa kwa 82, si 80, kwa hiyo kipenyo chake ni kama 492.

Kwa spidomita: ukitoka 145/80R10 kwenda 145/70R12 bila kubadilisha gia ya spidomita, tairi limekua kwa asilimia 4.5. Mshale ukisoma 100, gari liko 104 na nusu. Hiyo ni mbaya kisheria katika nchi nyingi, kwa sababu spidomita hairuhusiwi kusoma chini ya mwendo halisi. Nyingi hutoka kiwandani zikisoma juu kidogo, kwa hiyo pengine utabaki salama, lakini usibahatishe, linganisha na GPS. Chaguo la 2 halibadilishi kitu: 485 kwa 486.

Ukitaka kupima tairi lako halisi, piga alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, sukuma gari tairi lizunguke mara tano likiwa na upepo sahihi, pima umbali, gawa kwa tano. Usishangae ukipata pungufu ya kipenyo mara 3.14. Radiali (tairi lenye R) lenye mzigo huviringika karibu mara 3.05 ya kipenyo chake, kwa hiyo 145/80R10 itakupa kama mita 1.48 kwa mzunguko, si 1.53.

---

NgomaNaDiski

Mnazungumza tairi wakati breki ndiyo yenye kauli ya mwisho.

Mini ya breki za ngoma mbele hupokea 10, 12 na 13. Diski za inchi 7.5, zile za Cooper S na 1275GT za mwanzo (matoleo ya Mini yenye nguvu zaidi), zinaingia ndani ya rimu ya 10. Diski za inchi 8.4, zilizowekwa kwenye Mini zote kuanzia 1984 pamoja na rimu za 12, haziingii ndani ya rimu ya 10. Kalipa (kishikio cha pedi za breki) inagusa. Si suala la kusaga kidogo wala kuweka spesa.

Kwa hiyo SpanaKumi, jiulize kwanza: unataka kubaki na ngoma? Kama mpango ni kufunga 8.4 baadaye, usinunue aloi za 10 leo, utazinunua mara mbili. Na kufunga 8.4 si diski na kalipa peke yake. Inataka habu, flanji na jointi za nje za ekseli za aina ya diski.

Jambo jingine: zile za 1984 na kuendelea zina ngoma za nyuma zenye unene wa ziada unaosukuma gurudumu nje kama inchi moja, ili nyuma ilingane na mbele iliyopanuka. Ukichukua rimu za 12 za gari la baadaye ukazifunga kwenye gari la 1972 lenye ngoma nyembamba, nyuma itaonekana imezama ndani. Tafuta na ngoma zake.

---

SpanaKumi

Asante wakuu. Diski za 7.5 ndizo ninazofikiria, si 8.4. Kwa hiyo 10 bado ipo hai. Je, 165/70R10 inaweza kukaa kwenye rimu yangu ya 3.5 ili nisinunue aloi?

---

Kalipa

Utaona watu wamefanya, lakini hapana. 165/70 inataka rimu ya 4.5 hadi 6. Kwenye 3.5 ubavu unabanwa ndani kama puto, uso wa tairi unapinda, kashata za katikati zinalika mapema na za pembeni hazigusi vizuri. Kwenye kona gari linachelewa kuitikia usukani. 145R10 ndiyo ya 3.5 hadi 5.

Kila nusu inchi unayoongeza kwenye rimu inatanua tairi karibu milimita 5. 165/70 kwenye rimu ya 5 ina upana wa kweli kama milimita 170, si 165. Tumia hiyo 170 unapopima nafasi.

---

MadigadiWazi

Nafasi sasa. Ukitoka rimu ya 3.5 kwenda 5, upana umeongezeka inchi 1.5, yaani milimita 38. Ofseti ikibaki ileile, nusu inaenda ndani na nusu nje: 19 na 19. Ofseti ikipungua kwa 10, ule wa nje unakuwa 29 na wa ndani 9. Hesabu hiyo moja inakutosha kwa rimu yoyote, iandike ukutani.

Kisha pima gari lenyewe:
- Mbele, geuza usukani mpaka mwisho kila upande, gari likiwa chini, si kwenye jeki. Angalia nyuma ya tairi kwenye tao na mbele yake kwenye paneli.
- Nyuma, Mini hukwaruza pale ukingo wa tao unapokunjwa, wakati abiria wawili wamekaa nyuma na gari likavuka tuta. Pakia uzito kabisa, halafu pima. Gari tupu litakudanganya.
- Acha milimita 10 kwenda juu, zaidi ya nafasi ya kubonyea.

165/70R10 kwenye 5 x 10 yenye ofseti nzuri hukaa, lakini uso wa tairi unatokeza nje ya bodi ya Mini ya kawaida. Weka vifuniko vidogo vya matao, vile vya plastiki au faiba. Kwingi sheria inataka uso wa tairi ufunikwe, mbali na kokoto zinazochuna rangi ya milango.

---

Kumi_na_Tatu

Mnasahau 13. Matairi ya 175/50R13 yana mshiko mkubwa, Rover wenyewe, watengenezaji wa Mini wakati huo, waliyaweka kiwandani kwenye toleo la Sportspack miaka ya 1990 kwa rimu ya 6 x 13. Kama kiwanda kilikubali, tatizo liko wapi?

---

MadigadiWazi

Kiwanda kilikubali pamoja na matao mapana ya Sportspack na bodi iliyotayarishwa kwa ajili yake. Kwenye bodi ya 1972 unakata kingo za matao na kufunga faiba pana. Bodi ikishakatwa hairudi ilivyokuwa, na kutu inapenda sana pale palipokatwa.

---

NgomaNaDiski

Naongeza kwa Kumi_na_Tatu, maana hoja yake si ya kupuuzwa. Mshiko kwenye lami kavu iliyonyooka, sawa. Lakini Mini haina springi za koili. Ina koni za mpira zenye mwendo mfupi, na sehemu kubwa ya ulaini wa gari inatoka kwenye ubavu wa tairi. Rudi kwenye namba za Mshale60: ubavu wa 10 ni 116, wa 13 ni 87.5. Umeondoa karibu robo ya mto wenyewe. Juu ya hapo gurudumu la 13 ni zito zaidi, na uzito huo uko chini ya koni, si juu yake. Matokeo ni beringi na boli jointi kuchoka haraka, usukani kuwa mzito wakati wa kuegesha, na gari kufuata kila mfereji wa lami. Kwa safari ndefu ni chaguo la mwisho kwangu.

---

Mshale60

Nami kura yangu haiendi 10 moja kwa moja. Upatikanaji: ukubwa wa 10 kwa gari la abiria umebaki kwa watengenezaji wachache, 12 nayo inapungua lakini bado ina afueni kidogo. Kama mtu ana mpango wa 8.4, basi 165/60R12 kwenye rimu ya 5 ndiyo mahali pa katikati: mshiko wa 165, ubavu wa 99, na spidomita inapotoka kwa asilimia 3.5 tu dhidi ya 486. 145/70R12 kwenye 4.5 ni nyepesi kwenye usukani na haihitaji chochote cha ziada kwenye bodi zaidi ya vifuniko vidogo.

Mtego wa 12: kuna rimu za Metro (gari jingine dogo la watengenezaji haohao) zenye 4 x 101.6 zinazouzwa kama "za Mini". Baadhi ni za TD, mfumo maalumu wa rimu na tairi, kipenyo chake ni milimita 315, si 304.8. Tairi lake ni 160/65R315. Tairi la kawaida la 12 halikai humo, na 13 pia halikai. Vivyo hivyo rimu za Denovo (tairi la kuendelea kwenda hata likipoteza upepo) za 1275GT, ambazo ni 310. Ukiona namba ya tairi inaishia na tarakimu tatu baada ya herufi, kimbia.

---

UbavuSoma

Kuhusu kununua 145R10, soma ubavu kabla ya kulipa. Ukubwa huu unauzwa sana kwa ajili ya trela ndogo, na matairi ya trela yanaonekana sawa kabisa na ya gari yakiwa dukani.

FRT: limetengenezwa kuviringika tu. Halifai kwenye ekseli inayoendesha wala inayogeuzwa na usukani. Kwenye Mini ekseli ya mbele inafanya yote mawili.

C mwishoni, na namba ya mzigo kubwa kama 84/82: tairi la mzigo. Halina kosa kisheria, lakini ubavu ni mgumu, gari jepesi kama Mini halina uzito wa kulibonyeza. Linaruka kwenye mashimo na kwenye maji linateleza.

Herufi ya katikati: R ni radiali. B ni la nyuzi za mshazari zenye mkanda, D au kistari ni la mshazari tupu. Mini ya 1959 ilitoka na 5.20-10 ya mshazari, kwa hiyo kuna wanaotaka kurudisha uasilia. Hiari yao, ila usichanganye kwenye ekseli moja kamwe. Ukilazimika kuwa na aina mbili, radiali ziende nyuma. Zikikaa mbele na mshazari nyuma, mkia wa gari unachomoka kwenye kona.

Namba ya mzigo na herufi ya mwendo: 69 ni kilo 325 kwa tairi, 72 ni kilo 355. S ni kilomita 180 kwa saa, H ni 210. Mini ina uzito wa chini ya kilo 700 ikiwa tupu, 69S inatosha bila shaka.

Tarehe: tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo wa DOT ni wiki na mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Zikiwa tatu, tairi ni la kabla ya 2000, liache hata kama kashata zote zipo. Kwa ukubwa usiouzika haraka hivi, "jipya" linaweza kuwa limekaa stoo miaka sita. Uliza tarehe za yote manne, si la juu tu.

---

SpanaKumi

Hiyo ya FRT imenigusa, matairi mawili niliyokuwa nimeonyeshwa yana herufi hizo. Rimu za chuma zilizobaki nzima nazo, je, ni lazima tyubu?

---

Kalipa

Angalia ndani ya rimu, pembeni pale tairi linapokalia. Kama kuna kinundu cha duara kinachozuia tairi lisiteleze kwenda katikati, unaenda bila tyubu. Kama hakuna, radiali bila tyubu linaweza kuachia kwenye kona kali upepo ukiwa chini. Rimu za waya, zile za spoku, tyubu haina mjadala.

Rimu za zamani zilizounganishwa kwa ribiti huvuja kwenye ribiti hizohizo. Jaza upepo, zamisha kwenye maji, tazama mapovu. Na kutu kwenye ukingo isuguliwe mpaka chuma, ipakwe rangi, ikauke kabisa kabla ya tairi kuingia. Ukificha tatizo hilo kwa tyubu ndani ya tairi lisilo la tyubu, mikwaruzo ya ndani ya tairi inaitafuna tyubu, na pancha ya tyubu hutoa upepo wote ghafla.

Upepo wa kuanzia kwa 145R10 radiali: 28 psi mbele, 26 nyuma. Baada ya kilomita mia kadhaa tazama ulaji: katikati umezidisha, pembeni umepunguza.

---

NgomaNaDiski

Nati, halafu nimemaliza. Stadi za Mini ni 3/8 UNF, nyuzi 24 kwa inchi. Nati ya M10 (ya milimita) itaanza kuingia kisha itakwama, ukilazimisha umeua stadi. Rimu za aloi ni nene kuliko za chuma, kwa hiyo nati ya kawaida huenda ikashika nyuzi chache. Kipimo ni hiki: nati izunguke angalau mara tisa kamili kutoka inaposhika hadi inapokaza. Ikiwa pungufu, weka stadi ndefu. Na umbo la nati lifuate tundu la rimu: aloi nyingine zinataka koni, nyingine nati ya shingo ndefu yenye washa bapa.

Kaza kwa mkono kwanza, mpangilio wa msalaba, gari likiwa kwenye jeki. Shusha, malizia kwa spana ya kupimia, karibu nyutoni mita 60. Rudia baada ya kilomita 50 hadi 80, hasa aloi mpya, rangi chini ya nati hubonyea. Impakti ya karakana usiikaribishe kabisa kwenye stadi nyembamba hizi.

---

SpanaKumi

Basi nakwenda na chaguo la 2: diski 7.5, aloi 5 x 10, 165/70R10, vifuniko vidogo. Spea tairi nitabaki na ile ya chuma ya 3.5 yenye 145/80R10 mpya. Kuna ubaya?

---

Mshale60

Kwa kipenyo hakuna, ila hakikisha kwanza kwamba rimu hiyo ya chuma inapita kwenye kalipa za 7.5. 486 kwa 485, difu haitasikia kitu hata ukiiweka mbele. Wale wa 12 na 8.4 wanaosoma hapa ndio wajihadhari: spea ya 10 iliyosahaulika kwenye buti haipiti kwenye diski za mbele. Pancha ya mbele ikitokea, toa gurudumu zima la nyuma ulipeleke mbele, kisha spea iende nyuma, kwenye ngoma.

---

NgomaNaDiski

Na weka nati nne za chuma ndani ya mfuko pamoja na jeki. Kama aloi zako ni za nati ya shingo ndefu, hazitaibana spea ya chuma.